Kofia Iliyoanguka Maskati

Badi alifariki Jumanne asubuhi, kofia saba zikiwa zimelowekwa kwenye beseni. Aliinama kuchukua sabuni, akakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, na hakuinuka tena. Beseni hakuna aliyelimwaga. Walilisukuma ukutani ili jeneza lipite, na kufikia alasiri alikuwa keshazikwa.

Chumba kile cha mbele, cha kufulia kofia, kilikuwa cha wanaume. Kwa miaka thelathini na moja Zubeida, mkewe, alipitisha chai mlangoni akarudi jikoni. Aliziona kofia zikiingia zimelegea, zikitoka nyeupe na kusimama. Yanayofanyika katikati hakuyauliza.

Alhamisi, baada ya hitima, alikuja Intisar, jirani yao wa Mtopanga.

"Makiwa, Bi Zubeida."

"Yamepita. Kaa kitako."

Intisar alikaa, akaishika ncha ya buibui lake. "Wallahi naona haya. Kofia ya mwanangu Faki imo humo. Nikaha ni kesho baada ya alasiri. Nipe hivyo hivyo ilivyo, nitaipeleka kwengine."

"Kwengine wapi?"

Kofia ile ya viua, vile vitundu vya nakshi, Intisar aliishona mwenyewe miezi mitano, kitundu kwa kitundu. Wafuaji wa ng'ambo ya daraja walitumia wanga wa dukani. Kofia ikipigwa na jua mara mbili, inamlalia mtu masikioni.

"Iache," Zubeida alisema. Neno lilikwisha kutoka ndipo alipolisikia.

Eda ilikuwa imemfunga ndani, na kazi ilikuwa ndani. Maji ya beseni yalikuwa yameanza kunuka. Alizisuuza kofia mpaka maji yakawa meupe. Kisha akateremsha unga wa muhogo, akabandika sufuria, akakwama. Wanga ukiwa mwepesi, kofia haisimami. Ukiwa mzito, unaziba viua, na pasi inauchoma ukawa manjano. Kofia haina pacha, na Badi hayupo kuomba radhi.

Alikikalia kigoda cha marehemu. Kazi ile aliiona ikifanywa mara moja tu, tena ugenini.

Mwaka juzi binti yao Wardah, aliyeolewa Maskati, aliwapelekea tikiti wakapumzike wiki mbili. Siku ya kwanza tu Badi aliona zulia ndani ya lifti, akavua makubadhi mlangoni, akapanda hadi ghorofa ya sita miguu mitupu. Waliporudi chini kuyafuata, waliyakuta yamepangwa vizuri, na pembeni yake jozi tatu za viatu vya watu wengine. Wardah alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Siku ya tatu chai ilimwagikia kofia yake, na hakuwa na nyingine. Unga wa muhogo haukuwapo. Badi aliifua, akaitia kwenye maji mazito ya mchele, akaivisha bakuli la kioo la Wardah lililofudikizwa, akaliweka roshanini. Upepo ukaja.

"Imekwenda," Badi alisema.

"Nani?"

"Kofia."

Walishuka ghorofa ya tano, ilikoangukia roshanini. Njiani Badi aliipanga sentensi ya Kiarabu kwa maneno aliyoyajua ya msahafuni. Mlango ulifunguliwa na mzee mmoja, kofia mbichi iko kichwani mwake, imemkaa sawasawa. Alimsikiliza Badi kwa adabu mpaka mwisho.

"Yakhe, sema Kiswahili tu," mzee alimwambia. "Mimi mzawa wa Wete. Na kofia yako sikupi mpaka unambie nani kaitia wanga."

Jina lake Barakat. Jioni ile alipanda na kofia kumi na moja. Kesho yake wakaja rafiki zake.

"Baba, nimewaleta mpumzike," Wardah alilalamika.

"Si napumzika, mwanangu? Huoni nimekaa?"

Basi mapumziko yakawa roshanini, Badi amekunja mikono ya kanzu, na Zubeida kando yake kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Alimwona akichota wanga kwa kijiko, akidondosha tone nyuma ya kiganja na kulipuliza.

"Wafanyani?"

"Nautazama. Tone likiteleza, bado. Likikunjana kama ngozi ya bibi kizee, limeiva." Akaushika mkono wake, akamdondoshea. "Puliza."

Akapuliza. "Sasa nitajuaje?" alisema. "Mkono wenyewe umekunjana kabla ya wanga."

Badi alicheka hadi kijiko kikamponyoka. Wakati wa kuondoka, mizigo yao ilikuwa na tende nyingi za Barakat kuliko nguo.

Zubeida aliinuka kigodani. Aliukoroga wanga, akadondosha, akapuliza. Tone liliteleza. Akangoja. Likateleza tena. Mara ya nne lilikunjana juu ya mkono wake, na safari hii alilitambua. Aliichovya kofia ya Faki wanga ungali moto, akaikamua baina ya viganja, akaivisha kopo, akaivuta kingo mpaka vidole vikamwuma.

Ijumaa asubuhi Intisar aliigonga kofia kwa ukucha. Ililia kama ngozi ya dufu. Akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha: viua vyote vilikuwa wazi.

"Kaifanya nani?"

"Mimi."

Intisar akaifunga kofia kwenye leso safi na kuipakata kama mtoto mchanga.

"Ya mkwe wangu nitaileta wiki ijayo," alisema, akatoka.

Siku hizi kwa Zubeida kofia hupokewa Jumatatu, na hutolewa Alhamisi baada ya adhuhuri.