Mtu Asiye na Chuma

Delphine alipomwomba shangazi yake amshonee koti lisilo na zipu, wala kifungo cha chuma, wala hata pini moja, Godelive alidhani binti wa kaka yake ameingia dini mpya.

"Ni kanisa gani hiyo?" aliuliza, mguu wake ukiwa bado juu ya pedali ya cherehani. "Banakataza mpaka zipu?"

"Hapana, tantine. Ni ya kazi."

Delphine alikuwa mwalimu wa fizikia chuo kikuu. Miezi michache nyuma alikuwa amerudi kutoka masomoni na kifaa chembamba, kirefu kama mwiko wa bugali, chenye waya ulioingia katika kisanduku chenye kioo. Kilikuwa kitambuzi cha sumaku. Siku ile, katika karakana ya Godelive mtaani Muhumba, katikati ya vikwembe vya wateja, alimweleza shangazi yake kwamba dunia nzima ni sumaku, ila nguvu yake ni hafifu mno. Sumaku ndogo ambayo Godelive aliokotea pini sakafuni ilikuwa na nguvu kuishinda mara nyingi sana. Chuma chochote kikilala udongoni hutikisa nguvu ile ya dunia kidogo tu, na kifaa hiki husikia mtikisiko huo hata ukiwa mdogo kupita kiasi.

"Sasa mutu mwenye kukibeba akiwa na musumari moja mu kiatu," alimaliza Delphine, "kinasikia musumari. Tiyo hakisikii."

Tiyo lenyewe, yaani bomba la maji, lilikuwa la kijiji cha Nyangezi. Zamani maji yalishuka kutoka chemchemi ya mlimani mpaka kijijini kupitia bomba la chuma lililozikwa. Mlima ukaporomoka, udongo ukafunika kila kitu, waliojua njia ya bomba wakafariki, na wanawake wakarudi kupanda mlima na madumu mgongoni. Kamati ya maji ilikuwa imechimba hapa na pale kama kuku anayetafuta mchwa, bila kupata kitu. Ndipo wakamwendea Delphine.

Godelive alishona koti zuri la pamba, na vifungo vya mbao. Na kwa kuwa hakuwa fundi wa kuachia nguo yake iende bila kuiona mwilini mwa mtu, Jumamosi alipanda gari pamoja na Delphine kwenda Nyangezi, ingawa kisigino chake cha kulia kilikuwa kimeamka na maumivu. Kisigino hicho kilimsumbua tangu zamani. Muuguzi alisema ni rimatisi, ya baridi ya ziwani. Majirani walimletea mafuta na majani ya kuchemsha. Godelive alimeza vidonge, akajipaka mafuta, akanywa majani, na kisigino kikaendelea kumchoma kila alipokanyaga.

Aliyetakiwa kuvaa koti alikuwa Fabien, msaidizi wa Delphine, kijana mrefu anayependa kuvaa vizuri. Kijiji kizima kilikuja kutazama.

"Mukaba?" Delphine alimuuliza, akimwonyesha kiuno.

"Nimetoa."

"Saa? Telefone?"

"Biko kwa Papa Aganze."

"Basi juu ya nini mashini inaruka hivi?"

Fabien aliitazama suruali yake ya jinzi kwa huzuni. "Iko zipu ya jini."

Mama Christine, mke wa Papa Aganze mkuu wa kamati, alikimbia nyumbani akaleta kikwembe chenye maua mekundu. Fabien akatokea nyuma ya migomba amekifunga kiunoni, peku, na watu wakacheka mpaka mzee mmoja akaketi chini. Lakini miguu ya Fabien haikuzoea mawe. Aliruka kila hatua kama mbuzi anayevuka mto, kitambuzi kikaruka naye, na mstari kwenye kioo ukawa fujo tupu.

"Lete hapa," Godelive alimwambia Fabien. "Mimi nilikomaa kwa mawe ya Nyangezi kabla baba yako hajaoa."

Wanawake wakamzunguka nyuma ya nyumba. Alivua viatu, rozari, hereni, pini za nywele, na mwishowe sidiria yenye vikulabu, ambayo Mama Christine aliificha upesi ndani ya kikapu. Akarudi amevaa koti alilolishona mwenyewe, likamkaa barabara. Akaanza kutembea, kitambuzi kikining'inia karibu na magoti yake.

Delphine alitazama kioo akakunja uso. Mstari ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno.

"Tantine, umesahau kitu."

"Nimesahau nini tena? Unataka nitoe na meno?"

"Kila hatua inaruka. Simama kidogo."

Akaweka kitambuzi juu ya kiti cha mbao na kumwomba shangazi yake asogeze mwili polepole, kiungo kwa kiungo. Mkono: mstari ukatulia. Kichwa: ukatulia. Mguu wa kushoto: ukatulia. Mguu wa kulia ulipokaribia, mstari ukaruka juu. Mama Christine akaleta maji, wakauosha mguu na kuusugua mpaka kwenye kucha. Mstari ukaruka vilevile.

"Tantine," Delphine alisema kwa sauti ya chini, "mu kisigino yako muko chuma."

Mtu nyuma akanong'ona kwamba huo ni uchawi, kwamba kuna aliyemtupia mama wa watu. Godelive akainama, akakishika kisigino, na pale alipoinama likamjia jambo ambalo hakuwahi kulikumbuka: mkesha wa harusi moja, nguo za wasimamizi zimerundikana, sindano ya cherehani ikakatika na kipande kikapotea. Yeye alikuwa peku kwenye pedali. Alisikia kitu kikimchoma, akadhani ni pini, akaendelea kushona kwa sababu bibi harusi alikuwa analia mlangoni.

"Yeee, Nyamuzinda!" akamwita Mungu kwa kelele. "Hakuna mulozi hapa! Ni mimi mwenyewe nilijishona!"

Kicheko kikalipuka tena, na yeye akacheka kuliko wote, huku machozi yakimtoka. Muda wote ule alikuwa akilaumu baridi ya ziwa.

Delphine alitaka kufunga kazi ampeleke mjini papo hapo. Godelive akakataa katakata.

"Imekaa miaka, itashindwa kukaa mpaka jioni?"

"Lakini itaharibu vipimo, tantine." Delphine akafikiri kidogo. "Labda tukipandisha kitambuzi. Sindano ni kidogo, ukienda mbali nayo haisikilikani tena. Tiyo ni kubwa, itasikika tu."

"Kama ni kupandisha, weka hapa," alisema Godelive, akijigonga utosini.

Mama Christine akasokota majani makavu ya mgomba kuwa ngata. Wakafunga kitambuzi juu ya ubao mwepesi, Godelive akaubeba kichwani, shingo imenyooka, mikono inaning'inia huru. Mstari ukatulia kama ziwa lisilo na upepo. Akavuka shamba la mihogo, akageuka, akarudi. Alipofika karibu na mti wa parachichi, Delphine akapiga ukelele. Mstari ulikuwa umejikunja, mkubwa na mpole. Waliporudia hatua chache pembeni, ukajikunja tena, na tena, ukielekea mlimani moja kwa moja.

Papa Aganze alichukua jembe mwenyewe. Lilipogonga chuma, kila mtu alisikia, hata wasio na mashini.

Jumatatu, picha ya mguu ilionyesha kipande cha sindano kimelala kisiginoni. Daktari alikitoa kwa ganzi ndogo, na Godelive akarudi karakana akikanyaga kwa tahadhari, kama mtu asiyeamini. Akakanyaga kwa nguvu. Akazunguka meza yote. Kule Nyangezi walipata kiungo cha bomba kilichovunjika, wakakibadilisha, na maji yakashuka yakiwa mekundu, kisha meupe.

Habari ilifika Muhumba kabla ya bandeji kutolewa. Wanawake wakaanza kuja karakana bila kitambaa cha kushona: mmoja na mgongo wake, mwingine na kichwa kinachouma, wa tatu akitaka mumewe apimwe.

"Sikiliza, maman," Godelive alimwambia huyo wa tatu. "Ile mashini inasikia chuma tu. Bwana mwenye roho mubaya haimusikii."

Yule mama akaguna, akatazama vitambaa vya magauni ukutani.

"Basi unishonee robe," akasema. "Ile ya bluu. Na zipu uweke."