Harufu Asiyoisikia Bi Taratibu

"Kwani hao watoto unawaogesha kwa mayai viza?"

Mshonaji wa nyumba ya pili ndiye aliyeuliza hivyo siku moja, ameegemea ukuta wa ua, pini mdomoni. Bi Taratibu alicheka, akamwambia arudi kwenye cherehani yake. Jina hilo walimpa watu kwa sababu hata kufungua mlango hakuwa na pupa. Tangu mumewe afariki alikuwa akiishi kwa kulea watoto wachanga wa watu waendao kazini: asubuhi anawapokea, mchana anawaogesha na kuwalaza, jioni anawakabidhi wakinukia sabuni. Au ndivyo alivyodhani.

Maana mzaha ule haukubaki mzaha. Asubuhi moja muuguzi, mama wa kasichana kanene kasikoachia sikio la mtu, alimkabidhi mtoto kama kawaida, kisha akaenda kwenye rafu, akachukua blanketi la mwanawe na nguo zake zote za akiba, akazitia mkobani.

"Mama, unisamehe," alisema bila kumtazama. "Kila jioni inabidi nimwogeshe upya. Kichwa kinanuka. Leo namwacha kwa sababu sina pa kumpeleka. Akirudi hivyohivyo, kesho simleti."

Bi Taratibu aliitikia tu. Mlango ulipofungwa alimnusa mtoto utosini, nyuma ya masikio, shingoni. Hakusikia kitu. Akafungua bomba la maji ya moto, akakinga kiganja, akanusa. Hakusikia kitu. Uchafu unaouona utaufuta. Huu usiojua hata ulipo utaufutaje? Na muuguzi akiondoka, wazazi wengine watauliza kulikoni, na jibu lake ni fupi mno: watoto wananuka.

Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi bomba. Naye akaja na mfuko wake wa spana na maneno yake mengi.

Kabla hajautua mfuko alikuwa ameshakunja pua. Alifungua bomba la maji baridi, akanusa, akatikisa kichwa. Alipofungua la moto alirudi nyuma. Basi si maji ya mtaa, akasema, ni hita yenyewe ya kupashia maji. Akamuuliza kama kweli hasikii. Bi Taratibu aliposema hasikii, akamwambia pua yake imezoea, kama yeye alivyozoea kelele za mkewe. Kisha akafungua kifuniko cha hita, na utani ukamwisha.

"Shemeji, nani kashusha joto hivi?"

"Mimi. Kuna mtoto alipeleka mkono bombani, nusura aungue. Nikashusha. Maji yakawa yanatoka vuguvugu, tayari kuogeshea."

"Uvuguvugu ndio wanaoutaka vijidudu. Umewatandikia kitanda."

Alizima umeme, akafunga maji, akalimwaga tangi. Yalitoka maji ya rangi ya kutu, nyuma yake tope. Bi Taratibu alisimama mlangoni, jicho moja kwa watoto waliolala, jingine kwenye ndoo, akimwomba Mungu amsitiri. Watoto wa watu, na yeye ndiye aliyewamiminia hayo vichwani, tena kwa kuwaonea huruma. Shemeji akachomoa kifimbo cha chuma kilicholika hadi kuwa kama waya. Hiki, alimweleza, huwekwa ndani kiliwe na kutu ili tangi lipone. Lakini vijidudu wakikikuta kwenye maji vuguvugu, ndipo harufu hiyo inapozaliwa. Akatia kifimbo cha madini mengine, akamimina dawa ya kutakasia maji, akaiacha ikae, akasuuza mara kadhaa, akajaza upya. Mwisho akapandisha joto.

"Sasa yanaunguza," Bi Taratibu alisema.

"Wanao uliwaogeshaje, shemeji? Si ulitia ya baridi kwanza kwenye beseni, ndipo ya moto, ukapima kwa kiwiko?"

Ni kweli, hivyo ndivyo alivyofanya. Akamwomba anuse maji mara ya mwisho, naye akasema hayana harufu kabisa. Lakini huyo alikuwa ndugu, tena ameshinda humo ndani mchana kutwa. Je, kama pua yake nayo imeshazoea?

Kasichana ka muuguzi alikaogesha mwisho wa wote, baada ya kuufunga mlango wa bafu ili wengine wasimfuate. Ya baridi, kisha ya moto. Kiwiko. Kiwiko tena. Akakasugua kichwa taratibu huku kenyewe kakimvuta sikio.

Jioni wazazi walikuja mmojammoja, wakachukua watoto wao, wakaaga. Hakuna aliyesema lolote, na hilo halikumpa nafuu, kwa kuwa hata zamani hawakusema. Akakaa kwenye kigoda na yule mmoja aliyebaki, akimnusa na kumnusa, kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Muuguzi aliingia amechoka, viatu vya kazini bado mguuni. Akampokea mtoto, akafumba macho, akazamisha pua utosini. Akaishusha nyuma ya sikio hili, akaihamishia lile, akarudi utosini. Bi Taratibu hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Tumesafisha hita," alisema hatimaye. "Mimi siisikii, mwanangu. Niambie wewe."

Muuguzi alifumbua macho. Akapitisha mkono mkobani, akatoa blanketi, akalikunja juu ya goti, akalirudisha kwenye rafu, pale pale pake, na nguo za akiba juu yake. Akamweka mtoto begani vizuri, akatoka.