Kamba ya Nyumba ya Fortunata

Umewahi kumwona mtu wako yuko katikati ya daraja, na ng'ambo watu wanalifungua? Mimi nimemwona.

Daraja letu ni la nyasi. Kila mwaka tunasuka jipya, la zamani linafunguliwa liangukie mtoni, na kila nyumba huleta kamba yake. Sisi wanawake tunasokota huku juu mlimani. Darajani hatukanyagi mpaka kazi iishe. Ndiyo desturi.

Mwaka huo alikuja Eduviges, binti wa marehemu kaka yangu, profesa mzima, mvi zimemtoka akiandika juu ya nyumba na madaraja ya watu wa milimani. Nikamuuliza, "Mwanangu, umefuata nini?"

"Vipimo tu, shangazi."

"Vipimo!" Jirani yangu Hilaria akacheka, shavu limejaa majani ya koka anayotafuna kutwa. "Kamba yenyewe hujui kuisokota. Nyumba ya mama yako Fortunata haijaleta hata moja tangu azikwe."

Eduviges akainamisha macho. Akachukua futi yake ya kupimia, akaondoka. Nilidhani anakwenda kujisaidia.

Ukungu ulipopasuka ndipo nikaona kofia yake nyekundu kule chini, katikati ya daraja la zamani. Ng'ambo, fundi mkuu Leoncio na wenzake wameinama, wanafungua mafundo kwenye jiwe. Hawakutazama darajani. Watazame nini, na wanaume wote wako pale pale, na mwanamke hakanyagi?

"Leoncio! Acha!" Tulipiga kelele mpaka koo zikakauka. Mto ukazimeza kelele zote. Daraja likalala upande. Eduviges akaanguka kifudifudi, akakumbatia kamba.

Mwili ulinifa ganzi. Mkono tu ndio uliokumbuka kazi: ukafungua kiunoni kombeo langu la kuchungia lama, wanyama wetu wa mizigo, ukatia jiwe.

"Utamuua Leoncio!" Hilaria akalia.

"Kichwa chake kigumu!"

Nikazungusha, nikaachia. Jiwe likapasukia mwambani karibu na sikio lake. Akaruka, akainua ngumi anitukane, ndipo akaiona ile kofia. Wote wakajitupa juu ya kamba, wakazilalia kwa uzito wao.

Eduviges alirudi upande wetu akitambaa. Nikashuka mpaka darajani kumpokea, desturi ningeiomba radhi baadaye.

"Mwanangu, hivi umefuata nini?"

Akanishika mikono. "Vipimo ninavyo tangu zamani, shangazi; nilishuka na futi kuficha aibu tu. Nataka unifundishe kusokota. Nataka nilete kamba ya mama."