Zénon Kwenye Hezi Mia

Raihana alikuwa na masikio mazuri, ila aliyaamini macho yake zaidi. Katika studio yake ya Mutanga Nord, kila wimbo aliupitisha kwenye skrini inayochora sauti kama vilima: besi kushoto, sauti nyembamba kulia. Kilima kikizidi, alikikata.

Juma lile alikuwa na wimbo wa kwaya moja ya Kinanira, waliourekodi wote pamoja kwa maikrofoni mbili. Kwenye hezi mia, upande wa besi, akaona mstari umesimama wima kama mlingoti, hausogei huku wala huku. Umeme wa mtaa ulishamwachia mvumo wa namna hiyo mara nyingi. Hakujisumbua hata kusikiliza; aliufyeka mpaka mizizi, vilima vikakaa sawa, akajipongeza kwa chai ya tangawizi.

Jumamosi mwalimu wa kwaya, Mama Concilie, akaja kuusikiliza wimbo. Alifuatana na Zénon, mpakuzi wa bandarini mwenye kifua kama kabati, mwimba besi pekee wa kwaya ile. Wimbo ulipokwisha, Zénon aliomba urudiwe. Ukarudiwa. Akasogeza kiti, akatega sikio kwenye spika, kisha akauliza kwa upole:

"Dada, mi niko wapi?"

Raihana alirudisha alichokikata. Spika zikanguruma, na Zénon akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Ikabidi Raihana akiri, uso ukimwaka, kwamba alimdhania umeme. Zénon hakukasirika. Aliuliza tu kama ulikuwa umeme mwingi, kisha akatoka kupokea simu ya kazini.

Mlango ulipofungwa, Mama Concilie akasogea karibu. Miaka miwili, alinong'ona, alikuwa akitafuta njia ya adabu ya kumpunguza yule baba, maana kila wimbo ni noti ileile, na akina mama wa sauti ya kwanza wanalalamika kwamba anawatoa kwenye njia.

"Umuache vile ulimukata," alisema. "Mungu atamusikia."

Raihana nusura akubali. Ila aibu ilikuwa bado mbichi, akaona heri asikilize kwanza. Alifumba macho. Ubeti wa kwanza ulikuwa mahali pake. Wa tatu ulikuwa umelala, sauti zimeshuka. Alipoitazama skrini, vilima vya akina mama vilikuwa vimeteleza kushoto, ubeti baada ya ubeti, kama mbuzi wanaoshuka mtoni. Mstari wa Zénon ulikuwa palepale.

"Mama, yeye hakutoka. Ni nyinyi mulishuka."

Mama Concilie aliuliza kama mashine inaweza kukosea. Raihana akamjibu kwamba aliyekosea mpaka sasa ni yeye mwenyewe, si mashine. Mama akaitazama ile skrini, akakunja leso yake, akasema basi warudie kurekodi.

Zénon aliporudi, aliambiwa watarekodi upya Jumamosi ijayo, naye atasimama katikati, wenzake wamzunguke na kuchukua sauti kwake. Akauliza:

"Basi nibadilishe noti?"

"Apana," wakajibu wote wawili kwa pamoja.