Kibuyu cha Mama Mpya

"Shangazi, nisaidie kutengeneza hii kibuyu. Ni zawadi ya mama mpya."

Ilikuwa Jumatatu, mwaka 1956, na Chepngeno mwenye miaka minane alikuwa amekumbatia kibuyu alichokichuma kwenye ua wa boma, kikavu, mbegu zikicheza ndani. Shangazi yake Jepkoech aliacha kuchambua mboga. Mama mpya! Kumbe siku hizi akina mama nao huagizwa wapya, kama trekta za mzungu. Miaka mitatu tangu mama wa mtoto azikwe, Jepkoech ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni alipougua surua. Hakuna aliyemwita mama mpya, wala hata mkuukuu.

Lakini kaka yake Kimutai, baba wa mtoto na dereva wa trekta katika shamba la pareto upande wa Elburgon, alikuwa amepata mke. Chepkemei huyo alisoma misheni, akajua kuandika barua na, Mungu atunusuru, kuvaa soksi.

"Anakuja lini vile?" Jepkoech aliuliza, utadhani hakuwa amezihesabu siku mwenyewe.

"Jumapili, tukitoka kanisa."

Siku sita. Kila mwanamke pale kwenye kambi ya wafanyakazi alijua kwamba kibuyu kipya hulowekwa wiki tatu, maji yakibadilishwa kila siku mpaka uchungu uishe, ndipo kisuguliwe kwa mkaa na kutiwa maziwa. Ukiruka hatua hiyo, mgeni wako umempa shubiri. Jepkoech aliijua kazi hiyo kuliko wote. Wanawake walimletea vibuyu hata kutoka Molo.

"Siku sita zinatosha," alisema. "Zinatosha kabisa."

Basi akasaidia, na ukarimu wake ulikuwa wa kutisha. Alikata mdomo wa kibuyu, akakwangua mbegu, akashona kifuniko cha ngozi, akasugua mkaa. Shanga alimwachia mtoto. Chepngeno alijidunga sindano mara nne, akanyonya kidole na kuendelea. Mistari ya shanga ilipinda, na shangazi hakuinyoosha.

"Mbona Mama Zeddy aliloweka yake siku mingi?" mtoto aliuliza siku ya Alhamisi.

"Mama Zeddy ni mvivu."

Ijumaa wakatia maziwa. Jepkoech alikuwa na raha wiki nzima. Akilini alimwona bibi wa misheni akitema mbele ya wazee wa kanisa, soksi na yote.

Jumapili wageni walijaa nyumbani kwa Kimutai. Chepngeno alileta kibuyu kwa mikono miwili.

"Nimetengeneza mwenyewe. Shangazi amenisaidia."

Chepkemei alimimina kikombe, akanywa. Macho yakajaa maji. Jepkoech alisubiri. Chepkemei akameza, akaendelea mpaka kikombe kikaisha.

"Tamu," alisema, sauti imekauka. "Sijawahi kunywa maziwa kama haya."

Hapo hakusema uongo. Kisha akajaza kikombe tena. "Na wewe wifi, uliyesaidia. Karibu."

Jepkoech alipiga funda moja na ulimi ukafa ganzi. Alipoinua macho alimwona Chepngeno, vidole vyake vyenye alama za sindano amevifumbata kifuani, anamtazama mdomoni. Kwa siku sita alikuwa amefikiria uso wa Chepkemei tu. Huu mwingine hakuufikiria hata mara moja, na sasa aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Tamu," alisema.

"Na mimi nionje!" Chepngeno alinyoosha mkono.

Wanawake wote wawili walikirukia kibuyu kwa pamoja. Wageni wakaangua kicheko: ulafi gani huu! Jepkoech, aliyekuwa na mwili zaidi, alishinda. Akakiinua kibuyu mdomoni na kunywa bila kupumua mpaka tone la mwisho, machozi yakimtiririka.

"Shangazi! Umemaliza yote!"

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa shida. "Shangazi yako ni mchoyo."

Chepkemei alimpa leso. Mtoto aliyaangalia yale machozi, hasira ikamwisha. Akamshika shangazi yake goti.

"Usilie. Nitakutengenezea yako. Kubwa kuliko hii."

Jepkoech alimtazama wifi yake, kisha akajifuta macho.

"Sawa," alisema. "Lakini hiyo yangu tutaloweka wiki tatu. Sisi wote watatu."