Msitu Waliouita Mtupu

Wenceslas Kitwa alikuwa mkalimani wa serikali pale Kamina. Bwana akisema Kifaransa, yeye alisema Kiswahili. Wazee wakijibu kwa Kiluba, yeye alirudisha Kifaransa. Kazi hiyo ilimpa viatu vya ngozi na nyumba ya matofali karibu na misheni. Mkewe, Dorothée, alizoea kuwaambia majirani kwamba wanaume wengine wanalimia jembe, wake analimia ulimi.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa wakijenga kambi kubwa ya ndege, na mji mzima ulilia kuni na mbao. Ndipo akaletwa ofisa wa misitu kutoka Élisabethville, ambaye watu walimpa jina la Bwana Miti. Hakuwa mtu mkali. Aligawa tumbaku yake, na kila asubuhi alimuuliza Kitwa habari za watoto kabla ya kuuliza habari za kazi. Alikuja kupanga maisha ya msitu kwa miaka thelathini: upande mmoja ukatwe kwa zamu, sehemu moja ikikatwa nyingine ipumzike, upande wa pili uachwe pori kabisa, asiingie mtu, miti na wanyama wakae walivyoumbwa.

"Tunawawekea wajukuu," alisema Bwana Miti. Kitwa aliliamini neno hilo, maana hata yeye alikuwa ameona vilima vikinyolewa vipara.

Kiangazi chote walitembea pamoja. Kitwa alimwonyesha mizinga ya nyuki juu ya miti, na mahame ya vijiji ambavyo watu wake walihamishwa wakati wa kujenga reli. Alimwonyesha vijia ambavyo wanawake hufuata mvua zikianza, kwenda kuokota vishimu, wale viwavi wanaokaushwa na kuliwa mwaka mzima. Alimpeleka hata kwenye kaburi la babu yake, wakasimama pale, Bwana Miti akavua kofia.

Lakini ramani ilipotandazwa mezani, Kitwa aliitafuta mizinga asiione. Mahame hayakuwapo, vijia havikuwapo. Pale penye kaburi palipakwa rangi ya kijani, safi kabisa.

"Bwana, watu wako wapi?" aliuliza.

"Kupita si kumiliki, Wenceslas. Sheria inataka ardhi iwe *vacante*, yaani tupu, ndipo serikali iichukue. Bila hivyo hakuna mpango, na bila mpango msitu utakwisha. Unanielewa?"

"Nimeelewa," alisema Kitwa. Siku ile alirudi nyumbani akakaa mbele ya sahani ya bukari, ugali wa kwao, mpaka ikapoa.

Mvua za kwanza zilipokwisha kushika, watu wa vijiji waliitwa ukingoni mwa msitu. Msimamizi wa wilaya aliketi nyuma ya meza, Bwana Miti kando yake, na chifu Kyungu mbele yao pamoja na wazee, ili watie vidole vya wino kwenye karatasi. Wanawake walisimama nyuma na vikapu vyao, kwa sababu ulikuwa msimu wa vishimu na hawakutaka kupoteza siku. Katikati yao alikuwa Umba, mama mdogo wa Kitwa, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Bwana Miti alisoma, Kitwa akatafsiri: kuhusu miaka thelathini, kuhusu zamu za kukata, kuhusu walinzi. Mambo yalikwenda vizuri. Kisha likaja neno lile: wilaya imechunguza, na msitu huu hauna watu wala mwenye haki.

Kitwa aliwatazama wanawake na vikapu vyao.

"Tafsiri," alisema msimamizi.

"Hapana, Bwana."

Msimamizi alidhani hakusikia vizuri. Alirudia, polepole, kama anayemsemesha mtoto. Sauti ya Kitwa ilitoka imara kuliko alivyotarajia.

"Nimelitembea pori hili na huyu bwana. Babu yangu amelala humo, na yeye alimvulia kofia. Siwezi kuwaambia watu hawa kwamba hawapo."

Bwana Miti aliinamia karatasi zake. Msimamizi alimpungia askari, lakini Kitwa alikwisha kuwageukia watu, kwa Kiswahili chao cha Kamina.

"Bantu yote, musikie! Ile karatasi inasema mu hii pori hakuna bantu. Miye sitasema ile neno. Nyiye njo mutasema kama iko kweli!"

Askari akamkamata mkono. Umba akasogea mbele, kikapu kichwani.

"Kitwa, mutoto yangu. Beye banasema pori iko tupu?"

"Njo vile, mama."

"Basi bangoje kidogo."

Akageuka, akaingia msituni, na wanawake wote wakamfuata, kila mmoja akishika kijia chake. Wale wa mezani walitazamana. Kitambo kikapita. Kisha sauti ya Umba ikapaa kutoka kwenye bonde, ikitaja jina lake na la mama yake na mahali aliposimama. Akajibu mwingine kutoka kilimani. Mwingine akaita kutoka kwenye mahame. Sauti zikaitana mbali na karibu, majina juu ya majina, hata ndege wakaruka. Wazee walianza kucheka, na chifu Kyungu akaificha mikono yake kwapani. Siku ile hakuna kidole kilichotiwa wino.

Kitwa alipelekwa buloko, yaani jela. Dorothée alimletea chakula, akamkaripia kwa sababu ya nyumba ambayo sasa wangenyang'anywa, akalia, kisha akamwambia kwamba sokoni wanawake hawamruhusu kulipia mboga.

Mpango ulirudi baadaye na mkalimani mwingine. Upande wa kukata ulibaki vilevile, na miti mingi ilianguka, huko watu wa vijiji walishindwa. Lakini upande wa pori, ramani mpya ilikuwa na vijia, na iliandikwa kwamba watu wa vijiji vile wana haki ya vishimu, uyoga na asali, pamoja na kuwatembelea wafu wao.

Kitwa alipofunguliwa, msimamizi alimwita. Kazi yake angerudishiwa, alisema, akikiri tu mbele ya chifu kwamba siku ile alikuwa amelewa.

"Sikunywa hata maji," alijibu Kitwa.

Akatoka, akashuka moja kwa moja hadi stesheni, akaomba kazi ya kupakia mizigo.