Pini Iliyobaki kwenye Kitambaa cha Abbo

Mama mwenye kijana dereva na mkamwana mzuri, soma haya, na kama hujui kusoma tafuta mtu akusomee. Wivu ukipanda gari haukai nyuma na magunia. Unakaa mbele, unashika usukani.

Mwaka ule Kenya ilipopandisha bendera yake, mwanangu Chrispinus alikuwa na pikapu ya kubebea pamba na samaki wakavu kutoka Busia mpaka Tororo. Mke wake, Abbo, alimtoa Iyolwa, kwa Wapadhola. Sisi ni Wasamia. Abbo alikuwa mtu wa kucheka, na kile kicheko ndicho kilichomnyima mwanangu usingizi. Abbo akisalimiana na muuza vitunguu, Chrispinus atauliza wamesalimiana nini. Mshona viatu alipompima Abbo mguu, Chrispinus alimpokonya kiatu kabla hakijashonwa chote, na Jumapili mkamwana wangu akaenda kanisani vidole vinachungulia nje. Nilicheka siku ile. Kumbe si jambo la kuchekwa.

Basi pikapu ikaanza ugonjwa. Unageuza usukani kidogo, magurudumu bado yanafikiri. Tairi la mbele likalika upande mmoja tu. Tukaipeleka kwa fundi Ofwono, pale Busia upande wa Uganda. Ofwono naye ni wa Iyolwa, tena wa ukoo mmoja na Abbo. Ukoo mmoja hawaoani, hata mtoto anajua. Lakini Chrispinus alikuwa akisema, "Huko Iyolwa kila mwanaume ni kaka yako."

Ofwono alisema kifundo cha chuma kinachounganisha usukani na gurudumu kimelika, lazima kipya. Chrispinus alikuwa na shughuli ya forodhani. Akamwambia mkewe, kwa mdomo wake mwenyewe, "Kaa na gari. Vyuma vya watu hupotea hapa."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia langu la simsim, nasubiri lifti ya Tororo, kwa hiyo niliona yote. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Fundi analala chini ya gari, mkono juu ya kifundo, na mtu mwingine anakaa kwenye usukani anageuza huku na huku, ili fundi asikie kama chuma kinacheza. Hapakuwa na mtu mwingine, na mimi magoti yangu hayapandi. Abbo akapanda.

"Geuza kushoto, dada. Sasa kulia. Pole pole, mimi bado nataka mkono wangu."

Abbo akacheka, akamjibu kwa Kipadhola, na Ofwono naye akacheka huko chini. Kifundo kipya kikaingia, nati ikakazwa. Ilibaki pini, kile kiwaya kinachopita katikati ya nati na kupindwa ncha ili nati isifunguke njiani. Majani yalikuwa marefu pale, na kitu kidogo hivyo kikianguka hukipati. Ofwono alikuwa amempa Abbo akiweke, na Abbo akakichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa, juu ya sikio. Sasa akainama dirishani, na Ofwono akatoka uvunguni akanyoosha mkono kukichukua.

Hapo ndipo Chrispinus alipotokea.

"Hata kiti changu hamkuniachia," akasema.

"Shemeji, karibu. Nimebakiza—"

"Usiniite shemeji. Mkono wako unatafuta nini kichwani kwa mke wangu?"

"Pini, shemeji. Bila pini hii kitu inafunguka."

"Chrispinus, ndiyo hii hapa," Abbo akasema, akigusa kitambaa.

"Amekupamba, nimeona. Shuka."

Akamshusha, akatupa gunia langu nyuma, akanivuta mimi ndani. Nikamwambia, baba, mwache fundi amalize. "Nawe mama umekaa hapo unawachungia mlango?" Mwana wangu wa kumzaa. Tukaondoka.

Dabani tukasimama kupakia pamba ya mzee mmoja. Mimi nilibaki mbele. Nikatazama tulikotoka, nikaona baiskeli inakuja mbio. Ofwono anakanyaga, mgongo umelowa jasho. Kwenye keria, Abbo, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine ameuinua juu, vidole vimebana kitu kidogo. Mimi nilielewa. Nikapiga kelele, "Pini, Chrispinus, wanaleta pini."

Lakini yeye hakuona pini. Aliona mke wake nyuma ya mgongo wa mwanaume, barabarani, watu wa Dabani wanatazama. Akaacha gunia lililobaki chini, akarukia usukani, akakanyaga mafuta.

Barabara pale inateremka kwenye mafunjo. Nilisikia kitu kimeanguka chini yetu, kitu kidogo tu. Nikaona mwanangu anazungusha usukani kama mtu anayekoroga uji, na gari halisikii. Gurudumu moja lilifuata barabara, lingine likachagua mafunjo, na mafunjo yakashinda.

Mimi nilipasuka paji la uso. Chrispinus mguu ulibanwa na chuma, ukavunjika. Wa kwanza kutufikia walikuwa wale wawili. Ofwono akang'oa mlango. Abbo akaingia matopeni mpaka mapajani, akamshika mumewe kichwa kisilale kwenye maji. Na yeye, damu inamtoka, mguu umepinda, akamtazama mkewe akamwuliza:

"Kwenye baiskeli yake, ulishika wapi?"

Abbo akafungua kiganja. Pini ilikuwa imemchora alama katikati.

"Nilishika hii."

Akaiweka mkononi mwa mumewe, akatusaidia mpaka lori la pamba likatubeba hospitali. Kutoka hospitali alikwenda kwao. Tumepeleka wazee, wamerudi na salamu nzuri, bila Abbo.

Mguu ulipona, mfupi kidogo. Gari nalo lilipona. Siku hizi likikaguliwa, mimi ndiye ninayekaa kwenye usukani, wananipandisha wakinisukuma. Juzi Ofwono alikuwa chini ya gari, Chrispinus amesimama kando na mkongojo wake.

"Nasikia ulikwenda Iyolwa Jumapili."

"Nilikwenda. Kulikuwa na mazishi ya ukoo."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Hajambo."

Mwanangu akahamisha mkongojo mkono wa pili. Nikafikiri sasa, sasa atatuma salamu. Akasema, "Mlizungumza nini?"

Ofwono alinigongea spana kwenye chuma.

"Mama," akasema, "geuza kulia."